Mke Mwenza wa Flavia

Ujumbe wa kwanza wa sauti uliingia kwenye simu ya Cornel asubuhi, VPN ikiwa imezimwa. Kila Mtanzania wa Xiaobei anajua kwamba hapa Guangzhou WhatsApp haipitishi kitu bila VPN. Flavia aliliona hilo ila hakulishughulikia, kwa sababu sauti ilikuwa ya mwanamke, na mwanamke huyo alisema, "Mume wangu, umeamka?"

"Nani huyo?" aliuliza taratibu, ile taratibu ya mtu anayetafuta kitu cha kurusha.

Cornel akacheka. "Bibi Odilia huyo, wa Muheza. Unamwonea wivu bibi wa miaka tisini?"

Flavia akaona aibu, akacheka naye. Bibi kumwita mjukuu wake mume ni utani wa kwetu sote, na mke wa mjukuu huitwa mke mwenza, na hakuna anayekwenda mahakamani.

Bibi alikuwa akimsaidia Cornel kutafuta habari za baba wa babu yake, Mjerumani Kornelius Brandt, fundi seremala aliyeshuka Tanga mwaka 1926. Jina la Cornel lilitoka kwake. Karani wa parokia alikuwa ametuma picha za vitabu vya ubatizo na vya mazishi. Humo Brandt alikuwa amezika wake watatu, na hakuna aliyemaliza mwaka kwenye ndoa. Wa mwisho alikufa siku aliyomzaa Protas, babu yake Cornel na mume wa Bibi.

Karatasi ziliishia hapo. Yaliyobaki yalikuwa kwenye kumbukumbu za Bibi, na Bibi alikumbuka mno. Alijua maji ya kuoga ya Mjerumani yalitakiwa yawe na moto kiasi gani. Alijua baka lililokuwa chini ya bega lake la kushoto. Flavia akajiuliza mkamwana aliliona wapi bega la baba mkwe.

Cornel akaacha kwenda sokoni. Flavia akawa anapanda metro peke yake hadi Liuhua, anabishana na malaoban, wenye vibanda, juu ya makoti, anajibiwa "meiyou, meiyou", hakuna, hakuna, kila kibanda. Akirudi anamkuta mumewe na simu sikioni, ametabasamu namna ambayo yeye hakuiona tangu azaliwe Joyness, binti yao aliyeko shule ya bweni Morogoro. Aliuonea wivu ukoo, akayaonea wivu makaburi, akaionea wivu Ujerumani nzima.

Mchana mmoja akampokonya simu. Alirekodi kwa utani ule ule wa kwetu, ila hasira iliyokuwa ndani haikuwa utani: "Mke mwenzangu, kama unampenda hivyo, njoo umchukue. Mimi nimechoka naye."

Jibu halikuchukua hata dakika. "Ahsante, mke mwenzangu. Nakuja."

Jioni ile nyumba ikanuka udi. Flavia alidhani ni jirani. Kesho yake akakuta nguo zake zote ziko sakafuni, na kabati limefungwa kwa ndani. Na siku ya tatu, saa nane mchana, jua likiwaka dirishani na makelele ya wauza simu wa mtaa wa Dengfeng yakipanda kutoka chini, alikuwa jikoni akamsikia Cornel sebuleni akimimina chai, kikombe kimoja, kisha cha pili, akafurahi kwamba leo amekumbukwa, akatoka huku akifuta mikono, akakuta kikombe cha pili kimewekwa mbele ya kiti kitupu, na chai iliyokuwemo ikipungua kidogo kidogo, bila mkono, bila mdomo, mpaka yakabaki majani.

Alijifungia bafuni akampigia Edina, shangazi yake Cornel, anayemtunza Bibi.

"Shangazi, mwambie Bibi aache utani," alinong'ona. "Aniachie mume wangu."

"Mwanangu, Bibi alipata kiharusi Kwaresima ya mwaka jana. Hajatamka neno tangu siku hiyo. Tuliwaficha, msije mkaacha biashara mkarudi."

"Sasa huyo anayeongea na Cornel ni nani?"

Sauti ya Edina ikashuka. "Marehemu baba alituambia Mjerumani aliolewa na jini kule Tanga, kabla ya hao wake wa kanisani. Faudhia. Huyo hagawani mume na mtu. Baba alikataza jina la Kornelius lisirudi ukooni, ila mama yake Cornel alilipenda, hakusikia."

Flavia ni Mkatoliki wa rozari kila siku, lakini siku hiyo hakuchagua. Alimwita Khatib, kijana wa Kipemba anayesomea udaktari hapa, ambaye wenzake humfuata kwa kisomo. Alikuja baada ya swala ya alasiri, akasoma mpaka shati likalowa. Kisha akamvuta Flavia mlangoni.

"Dada, hatoki. Anasema kapewa."

"Nilikuwa natania."

"Wao hawajui utani. Sasa wa kumkataa ni mume. Nitamwambia amwite mkewe kwa jina. Akikuita wewe, anaondoka. Lakini aite mwenyewe, na ni mara moja tu."

Walimkuta Cornel ametulia kitini, kaoga, kavaa shati jipya. Flavia akapiga magoti, akamshika mikono. Wivu wote ulikuwa umemtoka. Alikuwa na hofu, na alimpenda mume huyu wa ndoa ya miaka kumi na minne kuliko siku aliyoolewa.

"Baba Joyness," alisema polepole, "ni mimi."

"Kaka Cornel," Khatib akasema, "mwite mkeo."

Cornel alimtazama Flavia kwa muda mrefu, kwa upole, kama mtu anayejaribu kukumbuka mteja huyu alimwona duka gani. Akaichomoa mikono yake.

"Faudhia," akaita.

Na kutoka chumba cha kulala, ambamo hamkuwa na mtu, mwanamke akaitikia kwa raha zake, "Abee."