Pini za Upande wa Kushoto

Kila siku baada ya shule, kazi ya kwanza ya Nilijua ilikuwa kuokota pini. Alifunga sumaku kwenye uzi, akaiburuta polepole sakafuni chini ya meza ya kukatia nguo, kisha chini ya cherehani mbili za shangazi yake. Pini ziliruka na kunasa, tik, tik, tik. Baada ya hapo alifagia nyuzi na vipande vya vitambaa, akavitia kwenye gunia la mabaki lililokuwa nyuma ya mlango.

Nilijua halikuwa jina lake halisi. Alipewa na fundi wa viatu wa chumba cha pili, kwa sababu kila jambo lilipokwenda vibaya, msichana huyo alishika kiuno na kusema, "Nilijua tu!" Uzi ukikatika, alijua. Mvua ikimkuta njiani, alijua. Akikosa hesabu moja kati ya kumi, alijua hiyo moja.

Fundi wa viatu alifanya mzaha, lakini shangazi hakucheka sana. Aliona mambo ambayo jirani hakuyaona. Mwalimu wa kwaya alipotafuta sauti nyembamba, Nilijua alikataa kujaribu, eti koo lingekauka mbele ya watu. Darasani hakunyosha mkono hata alipokuwa na jibu. Na hapa dukani, ingawa alikuwa na miaka kumi na mitatu na mkono mwepesi wa kushona, hakukubali kushika mkasi na kukata kitambaa kizima. Alishona vifungo, akapiga pindo, basi.

"Nikikata nitaharibu," alisema.

Jumatatu moja shangazi alichoka kusikia neno hilo. Alichukua kimto cha kuchomekea pini, akakigawanya katikati kwa mstari wa chaki.

"Kila ukisema jambo litaharibika, choma pini upande wa kushoto," alimwambia. "Likiharibika kweli, ihamishie kulia. Jumamosi tutahesabu."

"Huo mchezo hautasaidia, shangazi."

"Umeanza vizuri. Choma moja."

Wiki ile ilikuwa nzito nyumbani. Bibi, mama yake shangazi, alikuwa ameteleza uani akavunjika mkono wa kushoto, akalazwa hospitali. Gauni alilokuwa amevaa siku ile lilikatwa na wauguzi ili mkono utoke. Magauni yake mengine yote yalivaliwa kwa kupitishwa kichwani, na mkono uliofungwa plasta haungeweza kupita. Bibi alikuwa mtu wa kujistahi. Aliwaambia wazi kwamba hatavuka mlango wa hospitali akiwa amejifunga shuka kama mzigo. Akachagua kitambaa chake mwenyewe, chenye maua mekundu, na kuagiza gauni la kufunguka mbele.

Shangazi alipanga kulishona Jumapili, kwa kuwa bibi alitarajiwa kutoka Jumatatu. Lakini Jumamosi asubuhi simu ililia. Daktari ameridhika, bibi atatoka leo saa kumi jioni, na mtu mzima wa familia anahitajika mapema ili aelekezwe jinsi ya kumhudumia.

Shangazi alivaa viatu huku akizungumza. "Karatasi za kukatia zipo mezani. Mgongo, mbele, mikono. Kata, shona, uniletee kabla ya saa tisa na nusu. Fundi wa viatu atakupakia kwenye baiskeli."

Nilijua alikitazama kile kitambaa chenye maua. "Shangazi, kile ni kitambaa cha bibi. Hakuna kingine. Nitakiharibu."

Shangazi alisimama. Kiatu kimoja kilikuwa mguuni, kingine mkononi. Akamsogezea kile kimto. "Choma moja, kisha hesabu."

Alihesabu. Kushoto kulikuwa na pini kumi na tisa, na kulia mbili.

"Hizo mbili ni zipi?"

"Chai ilimwagika. Na sindano ya cherehani ilivunjika, kama nilivyosema."

"Sindano ilipovunjika, nini kilifuata?"

"Nilitia nyingine."

"Haya," alisema shangazi, akavaa kiatu cha pili na kuondoka.

Nilijua alipima mara tatu. Alipachika karatasi kwa pini, akazungushia chaki, akashika mkasi. Mkasi ulipoanza kula kitambaa, mgongo ulitoka sawa, na mikono miwili mipana ikatoka sawa pia. Alijikuta akiimba kwa sauti ya chini. Akakata upande mmoja wa mbele. Akakata wa pili.

Alipoviweka vipande viwili vya mbele mezani ili vitazamane, havikutazamana. Vyote viwili vilikuwa vya upande wa kulia. Alikuwa amesahau kugeuza karatasi kabla ya kukata cha pili. Na kipande hakingeweza kugeuzwa, kwa sababu maua yalichapwa upande mmoja tu. Nyuma palikuwa peupe kama mashuka ya hospitali.

"Nilijua!" alisema. "Nilijua tu!"

Akang'oa pini moja upande wa kushoto, akaichoma kulia kwa nguvu. Kisha akakaa chini ya meza. Akilini alimwona bibi akikataa kutoka kitandani. Alimwona shangazi akinyamaza, na kunyamaza kwa shangazi kuliuma kuliko kufokewa. Aliona afadhali afunge duka na kusema anaumwa.

"Mbona cherehani imelala?" Fundi wa viatu alichungulia mlangoni, gundi vidoleni. "Na wewe huko chini, unatafuta pini au umekuwa pini?"

"Nimeharibu kila kitu, mjomba. Nimekata pande mbili za kulia."

Fundi alitazama mezani, akapiga mluzi. "Mimi mwaka juzi nilimshonea mteja ndala, zote mbili za mguu wa kushoto. Jamaa akazivaa akatembea kama kaa."

Nilijua alicheka bila kutaka. "Ukafanya nini?"

"Nikafumua moja. Hizo za kwangu zinafumuliwa. La kwako silijui, mwanangu, mambo ya nguo hayanihusu." Alikuna shingo. "Ila umesema kila kitu. Mimi hapa naona vipande vingi."

Akarudi kwenye kazi yake.

Nilijua alitoka chini ya meza. Akavipanga vipande kimoja kimoja na kuvihesabu kwa kidole. Mgongo, mzima. Mkono wa kulia, mzima. Mkono wa kushoto, mzima. Mbele kulia, mzima. Kipande kibaya kilikuwa kimoja kati ya vitano. Alishangaa kidogo. Pale chini ya meza alikuwa ameona gauni zima limeteketea.

Alikitazama kitambaa kilichobaki; hakikutosha kukata upande mwingine. Ndipo akalikumbuka gunia nyuma ya mlango. Alilimwaga sakafuni, akapekua mpaka akapata kipande kikubwa cha rangi ya samawati, kisicho na ua hata moja. Akakilinganisha na yale maua mekundu karibu na dirisha. Hakikufanana, lakini hakikugombana.

Safari hii aliigeuza karatasi. Aliitazama, akaigeuza tena kuhakikisha, akakata. Na kile kipande kilichokosewa hakukitupa. Alikikata kuwa mfuko mkubwa wenye maua, akaushona juu ya ule upande wa samawati. Kisha akakanyaga cherehani bila kuinua kichwa. Saa nane na nusu alishona kifungo cha mwisho.

Hospitalini bibi alikuwa amekaa kitandani, shuka mabegani, midomo imebana. Shangazi alisimama karibu na dirisha.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Lete nilione."

Bibi alilitandaza gauni mapajani kwa mkono mmoja. Aliligeuza, akavuta mishono. Alipofika upande wa kushoto alitua. "Huku maua yamekwenda wapi?"

Nilijua alitamani kujificha nyuma ya fundi wa viatu. Badala yake alisema, "Nilikosea kukata, bibi. Nilisahau kugeuza karatasi. Nikaunganisha na kitambaa cha mabaki."

Shangazi alimsaidia bibi kuvaa. Gauni lilifunguka mbele, plasta ikapita ndani ya mkono mpana bila kugusa kitu. Bibi alisimama. Akautazama ule mfuko mkubwa, akauingiza taratibu mkono wake wenye plasta, ukatulia humo.

"Ah!" alisema, na midomo yake ikalegea. "Tangu nivunjike sikujua niuweke wapi huu mzigo. Kumbe ulikuwa unatafutiwa nyumba." Akamgeukia mwanawe. "Wewe fundi wa miaka yote, hukufikiria mfuko."

"Sikufikiria, mama," shangazi alikiri.

"Nilijua!" alisema fundi wa viatu kwa sauti kubwa.

"Ulijua nini, mjomba?"

"Sikujua kitu. Nilitaka tu kulisema kabla yako."

Bibi alivuka mlango wa hospitali akiwa amenyoosha shingo.

Jioni, baada ya bibi kufikishwa nyumbani na kulala, Nilijua na shangazi walipita dukani kufunga madirisha. Msichana alichukua kile kimto. Kulia sasa kulikuwa na pini tatu.

"Hii ya leo niirudishe kushoto?" aliuliza.

"Kwa nini? Si ulikosea?"

"Nilikosea."

"Basi tusidanganyane. Siwezi kukuambia hutakosea kamwe; mimi mwenyewe hukosea." Shangazi alikaa kwenye kiti cha cherehani. "Lakini wazo lako lilisema nini asubuhi?"

"Kwamba nitaharibu kitambaa cha bibi."

"Na kilichotokea?"

Nilijua alifikiri. "Nimeharibu kipande. Gauni halikuharibika."

"Hapo ndipo pa kushika, mwanangu. Mawazo ya woga hukisia tu, kama mtu anayekata nguo kwa jicho bila tepu. Yakisema kitu, usiyafukuze wala usiyaamini. Yapime. Uliza ni mara ngapi yamekuwa kweli, ni kipande gani kimeharibika, na kipi bado kizima. Ukishapima, mkono wako utajua la kufanya."

Nilijua alikiweka kimto mapajani. Aling'oa pini za upande wa kushoto moja baada ya nyingine, kisha zile tatu za kulia, akazirudisha zote kwenye kopo la kazi.

"Jumatatu," alisema akiwa amegeukia dirisha, "mwalimu wa kwaya anajaribu sauti tena."

"Nawe?"

"Huenda koo likakauka." Alifunga dirisha, akatia komeo. "Nitabeba maji."