Mshiriki wa Mia na Ishirini

Munyiva alikuwa amefika mahali ambapo mtu akifungua mdomo tu, anatamani kulia. Wiki ya tatu hiyo, yeye daktari mzima wa meno, alikuwa ameketi chini ya hema kando ya soko la Kitengela, koti lake jeupe limegeuka rangi ya vumbi, akitafuta watu wazima mia na ishirini waliozaliwa sehemu hizi na kunywa maji ya kisima kimoja tangu utotoni. Alitaka kujua jinsi floridi iliyomo katika maji inavyoyageuza meno kuwa ya kahawia, na jinsi wenye meno hayo wanavyoishi nayo. Mkemia mmoja chuoni alipima maji, Munyiva alipima meno, na rafiki yake Nyawira, msomi wa masuala ya jamii, aliwauliza watu maswali arobaini na mawili. Kazi ilipendeza sana kwenye karatasi. Tatizo lilikuwa Kitengela yenyewe, kwa maana karibu kila aliyeketi kwenye kiti alikuwa mgeni.

"Ulizaliwa wapi, mama?"

"Mwingi."

"Na wewe, mzee?"

"Mimi ni wa Nyeri. Nilikuja juzi tu, nikanunua ploti."

Kwa kuokoteza huku na huku alikuwa amefikisha watu mia moja na kumi na tisa. Alibaki mmoja. Profesa alikuwa amemwambia wazi kwamba asipoleta hesabu kamili mwisho wa mwezi, shahada yake ya uzamifu ingengoja mwaka mwingine.

Honi ikalia nyuma ya hema. Ikalia tena, ndefu, ya mtu asiye na adabu. Munyiva akatoka mbio na glavu mikononi.

"Una shida gani?"

Lori la maji la rangi ya bluu lilikuwa limesimama pua karibu iguse hema. Dereva akateremka: kijana mrefu, ovaroli ya kijani, gambuti, kofia imegeuzwa nyuma.

"Dada, hema yako imekaa kwa barabara."

"Chifu ndiye alinionyesha hapa!"

"Chifu hana lori. Mimi niko na lita elfu kumi hapa, na kuna mama ako na nguo kwa sabuni tangu asubuhi."

Kwa hasira zake zote, Munyiva akacheka. Yule kijana naye akacheka, na papo hapo mkono wake ukaruka kuziba mdomo. Munyiva aliuona ule mkono, na meno ya kahawia uliyokuwa ukiyaficha.

"Ulizaliwa wapi?"

"Ati?"

"Nimekuuliza ulizaliwa wapi!"

"Kisaju. Kwani nimeshikwa?"

"Ukiwa mtoto mlikunywa maji ya wapi?"

"Ya kisima ya hapo kwetu. Hiyo moja tu."

Munyiva nusura amkumbatie. "Keti," akasema. "Tafadhali, keti."

Jina lake lilikuwa Joram. Aliwekewa fomu ya ridhaa yenye kurasa tatu, akatia sahihi bila kusoma hata mstari, macho yake yako kwa daktari. Alijibu maswali ya Nyawira kwa mzaha mpaka walipofika la kumi na nne: ukicheka mbele ya watu, huziba mdomo?

"Kila mara," akasema, na mzaha ukamwisha. "Tangu class four."

Kesho yake saa saba, simu ya Munyiva ikalia.

"Sopa, Daktari," Joram akamsalimu Kimaasai.

"Ipa. Nani amekupa namba yangu?"

"Iko kwa fomu yako. Imeandikwa, 'Ukiwa na swali lolote, piga.' Niko na swali."

"Haya, uliza."

"Umekula?"

Basi ikawa hivyo kila siku saa saba. Joram aliuliza kama amekula, kama jua limemchoma, kama meno ya Wakamba kama yeye huota yakiwa yamenyooka hivyo ama alisaidiwa. Alimletea chupa za maji kutoka kila kisima alikojaza lori, kila moja na jina la kisima chake, kazi ambayo mkemia alikuwa ameiahirisha miezi miwili. Munyiva akaanza kuvaa gauni lake la rangi ya chungwa chini ya koti, na ikifika saa saba kasoro dakika tano alikuwa hasikii mgonjwa anasema nini. Alimpenda. Jambo hilo lilimkera kuliko vumbi.

"Jumamosi nikupeleke nyama choma," Joram akasema siku moja.

"Siwezi."

"Uko na mtu?"

"Niko na kanuni. Wewe ni mshiriki wangu. Mtafiti haruhusiwi."

"Mpaka lini?"

"Nitakuwa nikikupima kila miezi sita. Kwa miaka miwili."

"Miaka miwili, Munyiva! Kwani ni meno ya tembo?"

Munyiva akacheka, lakini simu ilipokatika hakuwa na la kuchekea.

Jumanne ya wiki ya mwisho, Nyawira akaingia hemani na karatasi, akaiweka mezani polepole.

"Joram amejiondoa."

"Amejiondoa wapi?"

"Kwa utafiti. Ameniachia hii, ameweka sahihi, akaenda."

"Amesema kwa nini?"

"Hajasema. Na wewe huruhusiwi kumuuliza. Si ni wewe uliandika hiyo kipengele?"

Ni yeye. Mshiriki anaweza kujiondoa wakati wowote bila kutoa sababu, wala mtafiti asimuulize. Alikuwa amekiandika kwa fahari, akasifiwa na kamati nzima. Sasa kilikuwa kimemfunga mdomo. Je, Joram alikuwa amemwonea aibu? Amekasirika kukataliwa nyama? Amepata mwingine mwenye kanuni chache?

"Acha tu data yake," Nyawira akanong'ona. "Nani atajua?"

"Mimi."

Akafuta picha za meno ya Joram moja baada ya nyingine. Akafuta na jibu lake la swali la kumi na nne. Saa saba ikafika, simu ikakaa kimya, na Jumatano vilevile. Alhamisi Profesa akampigia kumkumbusha kwamba mia na kumi na tisa si mia na ishirini. Munyiva akafunga hema kabla ya adhuhuri, akaenda nyumbani akalia mpaka akachoka.

Ijumaa asubuhi, siku ya mwisho, honi ikalia nyuma ya hema.

Joram alikuwa ameshateremka Munyiva alipotoka. Leo hakuvaa ovaroli. Alikuwa na shati jeupe lililopigwa pasi na uso wa mtu aliyedhulumiwa.

"Umekataa kunipigia!"

"Mimi? Si wewe ndiye umejiondoa!"

"Nilijiondoa ndiyo unipigie! Ulisema mshiriki haruhusiwi. Nikaacha kuwa mshiriki. Ulitaka niandike kwa bango?"

"Ungesema sababu!"

"Fomu inasema si lazima!"

"Siku ya kutia sahihi hukuisoma! Leo ndiyo umeisoma?"

"Mara tatu, nikingoja lori ijae."

Wauza nyanya walikuwa wameacha biashara, wamegeuka. Nyawira akaficha uso kwa karatasi zake.

"Na nafasi yangu sikuiacha wazi," Joram akaendelea. "Nilimtuma dada yangu. Nyumba moja, kisima moja. Alikuja hapa jana mchana akapata umefunga. Ulifunga kwa nini?"

"Kwa sababu yako, mjinga wewe!"

Mlango wa pili wa lori ukafunguka. Akashuka mwanamke wa gauni la njano, nywele zimesukwa nusu.

"Mimi ni Wanjira," akasema. "Mkimaliza mtaniambia kama ninafunguliwa mdomo ama nirudi salon."

Lakini Joram alikuwa hajamaliza. "Jumapili nataka nikupeleke Kisaju kwa mamangu. Si nyama choma. Kwa mama. Unajua hiyo ni kusema..."

"Nyamaza!"

"Ati?"

"Usiniulize sasa. Nikishakujibu, huyu atakuwa wifi yangu, na sitaweza kumpima. Yote nitamweleza Profesa, aamue. Lakini kwanza kaa pale na unyamaze."

Joram akaketi juu ya ndoo. Wanjira akasoma kurasa zote tatu za fomu, akatia sahihi, kisha akapimwa jino kwa jino. Nyawira akaanza maswali yake, bila haraka hata kidogo. Kwenye la ishirini Joram alisimama. Kwenye la thelathini simu yake ililia, mteja akitaka maji, akamwambia angoje kama watu wengine wanavyongoja. Hatimaye Wanjira akajibu la arobaini na mbili.

Munyiva akavua glavu, akanawa mikono, akatundika koti. Gauni la rangi ya chungwa likaonekana.

"Sasa uliza."

"Jumapili..."

"Saa ngapi?"

Joram akacheka kwa sauti, na mkono wake ukapanda kwenda mdomoni kama kawaida yake. Munyiva akaushika njiani, akabaki nao.