Mwalimu wa Kwenye Simu

"Hebu rudia hiyo sentensi," mkalimani alisema, mikono kaiinua, pini zimemjaa kiunoni.

Fundi akarudia taratibu, kwa lugha ya ugenini aliyoihangaikia miaka mitatu. Si kila siku fundi cherehani anapata mteja anayeishi kwa kutafsiri, akaona ajipime kwake kidogo kabla ya mtihani wa Alhamisi.

"Unadhani umesema nini?"

"Kwamba mimi ni fundi cherehani na naipenda kazi yangu."

"Umesema huna kazi na wala hutafuti."

Fundi akacheka, maana nani asingecheka. Mteja hakucheka.

"Na ndivyo ulivyowaambia kwenye mtihani?"

"Mara zote tatu. Tena kwa kutabasamu."

Sasa, mtihani huo si wa kujifurahisha. Mumewe yuko ng'ambo mwaka wa sita, anaendesha lori la mikate. Nchi ile haimpokei mke wa mtu mpaka aonyeshe kwamba anaweza kuuliza njia, kutaja siku na kueleza kazi yake. Unaruhusiwa mara nne. Yeye ameshafeli tatu, ana miaka thelathini na tisa na bado anataka mtoto. Akifeli Alhamisi, faili lake linafungwa moja kwa moja.

"Lugha yenyewe ngumu," akajitetea. "Sauti zinatokea kooni, nusu ya neno wanaimeza. Na kichwa changu kimeshakomaa."

"Kichwa chako hakina neno. Ugumu upo, siukatai. Haifanani na yetu hata kidogo, na hapa huna wa kuongea naye. Lakini unatamka vizuri kuliko wengi niliosoma nao. Nani anakufundisha?"

"Mume wangu. Kila siku ananirekodia sauti, mimi naandika."

Alilisema hilo kwa kujidai, maskini. Wanawake wangapi wanapata mume wa hivyo? Akachomoa daftari chini ya kopo la vifungo. Maneno ya wino yalikuwa ya mume. Ya penseli aliyaokota mwenyewe redioni, kwenye kipindi cha mafunzo.

Mkalimani akaketi na pini zake vilevile, akasoma ukurasa baada ya ukurasa.

"Ya penseli yako sawa," akasema mwishowe. "Ya wino, salamu ziko sawa. Maneno ya mapenzi yako sawa kabisa. Lakini kushoto amekupa kulia. Jana amekupa kesho. Saa, siku, kazi, vyote kapindua."

"Labda naye hajui vizuri."

"Anaendesha lori huko. Asingejua kushoto na kulia, mngeshamzika. Dada yangu, asiyejua hukosea ovyo ovyo. Huyu amekosea palepale mtihani unapouliza. Nimeona lugha zikiwashinda watu kwa sababu nyingi, ila mwalimu anayetaka ufeli sijawahi kumwona."

Fundi akaanza kuchomoa zile pini moja moja. Alimchoma mara mbili, na mteja hakulalamika.

Alipobaki peke yake akafungua simu, akausoma ujumbe wa mwaka jana, ule wa baada ya kufeli mara ya tatu: *Pole mke wangu. Lugha hii hata wenyewe inawashinda. Usikate tamaa, jaribu tena. Mwambie mama namsalimu.*

Alikuwa ameulilia ujumbe huo kwa upendo. Akapiga.

"Mke wangu. Mazoezi?"

"Mazoezi. Nikitaka kusema nageuka kushoto, nasemaje?"

Akamwambia, bila hata kusita. Ni lile la kulia.

"Na lori lako leo umeligeuzia wapi?"

Muungurumo wa injini ukasikika, kisha ukazimwa.

"Nani amekuambia?"

Angalia mtu huyo. Hakuuliza ameambiwa nini.

"Kuna mwanamke huko?"

"Sikiliza, mambo si kama unavyo..."

"Yupo au hayupo?"

"Yupo. Tuna mtoto wa miaka minne."

Fundi akakalia kile kiti cha wateja.

"Basi ungeniacha. Watu wanaachana. Kwa nini unifundishe uongo kila siku miaka mitatu, halafu uniambie nisikate tamaa?"

"Ningekuacha, ungeondoka pale nyumbani. Mama angebaki na nani?"

Mama mkwe alikuwa chumba cha pili, upande mmoja wa mwili umepooza mwaka wa tano. Fundi ndiye anayemwogesha, anayemgeuza asipate vidonda, anayemlisha.

"Kwa hiyo ulitaka nisifike, na nisichoke kungoja."

"Nisamehe. Sikujua nianzie wapi."

"Ungesema usije. Neno moja, tena kwa lugha yetu."

Akakata simu. Akalia, uso kaufukia kwenye kitambaa cha mteja, akalia mpaka kikalowa. Kisha akakumbuka kwamba mgonjwa hajala tangu asubuhi. Akanawa uso, akachukua bakuli na kijiko, akaingia.

"Mbona macho mekundu, mwanangu? Ni huo mtihani?"

"Siendi tena, mama. Yamekwisha."

Bibi akafumba macho, akashusha pumzi ndefu ya mtu aliyetuliwa mzigo. Alipoyafumbua, aliona aibu.

"Niseme?"

"Sema tu, mama."

"Kila ulipokwenda kwenye mtihani, nilikuwa naomba kwa Mungu ufeli. Nilikuwa naogopa kubaki peke yangu."

Fundi akaketi ukingoni mwa kitanda. Alijaribu kumkasirikia, akashindwa.

"Wewe angalau umeniambia," akasema. "Mwanao ana mke huko, mama, na mtoto. Jumamosi namwita binti yako aje akuchukue. Mimi naondoka."

"Utaenda wapi?"

"Sijui bado."

Bibi alimtazama muda mrefu, hakumwomba abaki. Kisha akafungua mdomo, na fundi akamlisha, kijiko kwa kijiko, mpaka bakuli likaisha.