Malaria ya Nyumba Yetu

Nthenya alikuwa akisokota uzi wa katani juu ya paja lake, taratibu, kama mama alivyomfundisha. Kiondo alichokuwa akisuka kilikuwa kimefika nusu. Mama ndiye aliyekianza, kisha ugonjwa ukamrudia, akakiweka chini. Sasa alikaa kitandani akiutazama ukuta.

"Mwaitu, uzi huu umekaza?" Nthenya alimwuliza mama yake.

Mama hakugeuka.

Dawa zake zilipatikana mjini Machakos tu, nazo zilikuwa zimekwisha. Zahanati ya karibu haikuwa nazo, na hakuna aliyewahi kuziomba. Baba, Kisilu, alikuwa amemwonya Nthenya: "Mtu akiuliza, sema mama ana malaria." Hakutaka isemwe kwamba nyumba yake ina kichaa.

Alasiri nyanya alibaki na mama, nao baba na Nthenya wakaenda kwenye mkutano wa chifu. Njiani, baba akiwa ametangulia kidogo, Nthenya alimpita Jeremiah, mwanafunzi mwenzake, na wavulana wengine.

"Nthenya, hiyo malaria ya mama yako haiishi? Mbu wenu wana meno?"

Wavulana wakacheka. Nthenya akakaza mwendo.

Mkutanoni, mwakilishi wa wadi alisema kaunti ilikuwa ikipanga dawa za zahanati. Muuguzi Habiba akasimama.

"Tunataka magonjwa ya akili yatibiwe hapahapa, watu wasisafiri mpaka mjini. Lakini dawa hupelekwa penye wagonjwa. Nani ana mgonjwa nyumbani?"

Mtu mmoja alikohoa.

"Huku Kalama hatuna wazimu," mzee mmoja akasema. "Shida yetu ni malaria."

"Kweli," mwakilishi akaitikia. "Malaria naisikia kila nyumba. Basi tutawaletea neti za mbu."

Watu wakapiga makofi. Mama Wambua, ambaye mwanawe hufungiwa chumbani, alipiga pia. Hata baba alipiga, polepole, macho chini.

"Baba," Nthenya akanong'ona, "watamletea mama neti."

Mikono ya Kisilu ikakoma. Akasimama, kofia mkononi.

"Mke wangu hana malaria," alisema. "Ni akili yake inaumwa. Ni mimi niliyesema malaria." Akaketi.

Hakuna aliyecheka. Mama Wambua akainua mkono, huku akilia. Kisha mkono mwingine ukainuka, na mwingine.

Mwakilishi alikubali kuziweka dawa za magonjwa ya akili katika mpango wa kaunti. "Hiyo itachukua muda," Habiba akamwambia Kisilu. "Za mama Nthenya nitazifuata mjini mwenyewe. Njooni zahanati kesho."

Nyumbani, baba aliketi kando ya kitanda.

"Nthenya, nilikufundisha uongo nikidhani naficha aibu. Kumbe nilimficha mama yako, hata waliotaka kumsaidia wasimwone. Ugonjwa wa akili ni ugonjwa kama mwingine. Tutautaja kwa jina lake."

Nthenya aliitikia kwa kichwa. Alichukua kiondo, akaendelea kusuka karibu na mama. Baada ya muda, mkono mwembamba ukanyooka, ukaugusa uzi.

"Umelegea," mama akasema. Kisha akaugeukia ukuta tena.

Nthenya akaufumua mzunguko wote aliokuwa ameusuka. Alipomaliza, giza lilikuwa limeanza kuingia. Akakitundika kiondo msumarini, mahali mama angekiona. Kesho, wakitoka zahanati, angeanzia hapo.