Abiria Aliyeogopa Kupanda Juu

Kila mara harufu ya nywele zinazoungua ndiyo iliyotangulia. Hasina alifungua kompyuta, akanusa waya mmoja mmoja, asione kilichoungua. Akaifunga, akaiwasha, akabofya ile programu ya kurusha ndege. Picha ya uwanja ikatokea, propela ikaanza kuzunguka, kisha kioo kikawa cheusi.

"Imekufa tena," Abdulnoor alisema kutoka kwenye kiti chake cha magurudumu.

"Nimeona. Mimi si kipofu."

Akajuta kumjibu hivyo. Mdogo wake alikuwa utingo wa lori. Alibanwa kati ya trela mbili kwenye foleni ya mpaka pale Malaba, na tangu siku hiyo miguu yake haikusikia kitu. Ndege hizi za kwenye kompyuta ndizo zilizomrudishia kicheko. Hasina, fundi ambaye Busia nzima ilimletea mashine zake, alimuundia hii kwa vipuri vya mitumba, akamtafutia na usukani. Sasa fundi wa watu ameshindwa na mashine ya nyumbani kwake.

Alikuwa amefuta programu na kuiweka upya. Alibadilisha memori, akabadilisha kadi ya picha, akahamia hadi soketi ya jikoni. Filamu zilicheza vizuri, muziki ulilia. Ilikataa ndege peke yake, tena palepale ilipotaka kuondoka. Hasina alitamani kuitupa mashine barabarani ikanyagwe na malori.

"Sister, vaa headphone," Abdulnoor akanong'ona. "Kuna mtu huongea kabla haijazima."

"Hiyo ni spika mbovu."

"Skiza tu."

Akavaa, akabofya. Jua la alasiri lilikuwa limejaa chumbani na nje mama yao, Najma, alikuwa akiosha vyombo, lakini mara propela ilipoanza kuzunguka kelele zote za nje zikakatika, harufu ile ikamjaa kooni, na ndani ya masikio yake kukaanza pumzi fupi fupi kama ya mtu aliyejificha uvunguni, pumzi iliyosogea na kusogea mpaka akahisi joto lake shingoni, kisha sauti isiyokuwa ya mwanamume wala ya mwanamke ikasema, "Msinipeleke juu. Juu tunapigwa kwa moto."

Kioo kikazima.

Hasina alisoma madrasa. Alijua kwamba ni majini ndio wanaopigwa vimondo wakikaribia mbingu. Lakini siku zote zile za kuhangaika zikampanda kichwani pamoja, na hasira ikaizidi hofu.

"Kama hutaki kupanda, shuka," akasema akiuma meno. "Shuka uwaachie watu mashine yao."

Akabofya tena. Ndege ikakimbia, ikapaa, mashamba ya kijani yakabaki chini. Hasina akacheka, akageuka amwambie mdogo wake.

Kiti kilikuwa kitupu. Abdulnoor alikuwa amesimama dirishani.

Najma aliingia na sufuria mkononi, ikamponyoka. Akasujudu palepale sakafuni, akilia na kushukuru. Majirani wakajaa. Abdulnoor akazunguka ua mzima mbele yao, na Hasina peke yake ndiye aliyeona kwamba hakupepesa jicho hata mara moja.

Ilipoadhiniwa magharibi, majirani wakiwa wameondoka, Abdulnoor aliziba masikio. Kinywani mwake ikatoka sauti ndogo, ya mbali, ile aliyoizoea Hasina. "Sister, niko huku ndani. Nitoe." Halafu mkono wake mwenyewe ukamfunika mdomo.

Hasina alimfuata mama yake jikoni. "Mama, huyo si Abdul."

"Anatembea."

"Si yeye anatembea."

"Basi aachwe atembee," Najma alisema, bila kumtazama.

Asubuhi, Najma alipokwenda sokoni, Hasina akamwita Ustadh Mubaraka. Mzee alimtazama kijana kwa muda mrefu.

"Huyu akitoka, ataondoka na alichokileta. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Ustadh."

Mzee alisoma Kurani huku Abdulnoor akikwaruza ukuta na kutukana kwa lugha ambayo nyumba hiyo haikuijua, akasoma sauti ikimkauka, mpaka kijana akaanguka kama nguo iliyochomoka kambani. Kijana alilia kwanza, miguu yake imekufa tena. Kisha, kwa sauti yake mwenyewe, akaomba maji.

Najma hakumlaani binti yake. Aliacha tu kumsemesha. Alimpakulia chakula, akamwekea, akageuka.

Alasiri moja Hasina alirudi mapema kutoka dukani. Abdulnoor alikuwa amelala. Mlango wa chumba cha kompyuta ulikuwa wazi kidogo, na mama yake, ambaye hakuwahi hata kujua mahali pa kuiwashia, alikuwa ameketi mbele ya kioo cheusi, headphone juu ya mtandio, midomo karibu na maikrofoni.

"Karibu," alikuwa akibembeleza. "Rudi. Hakuna atakayekupeleka juu."