Mifupa Aliyoiosha Bi Nhuan

Vijiti vya kulia vilikutwa sakafuni. Bi Nhuan alikuwa ameviweka mwenyewe juu ya bakuli la wali, kwenye meza ya marehemu, akawasha udi na kumwita mwanawe: "Khiem, mwanangu, njoo ule." Aliporudi kutoka kuchota maji, vijiti vilikuwa chini na wali umechotwa katikati kwa vidole, vidole vinene.

"Paka huyo, mama," akasema mkwewe, Thoa.

"Paka gani anakula wali anaacha samaki?"

Thoa aliinama. Aliokota vijiti, akavifuta, akavirudisha juu.

Khiem alikuwa mume wa Thoa na mtoto pekee wa Bi Nhuan. Aliuawa siku Wafaransa walipoivamia ngome yetu ya Nam Dinh. Walikuja na meli zao mtoni, wakaipiga mizinga asubuhi nzima, wakalipua lango kwa baruti, wakaingia wakichoma watu visu vya bunduki. Baada ya hapo walituambia kwamba wametuletea amani. Nikikumbuka neno hilo natamani kutema mate. Khiem alisimama ukuta wa mashariki na mkuki mkononi, mkuki dhidi ya mizinga, na jioni akatupwa shimoni pamoja na wengine nje ya ukuta. Mama yake aliliona shimo, akaambiwa Khiem alitupwa wa mwisho, akalitia alama kwa vigae vitatu.

Kwetu mtu huzikwa mara mbili. Mwaka wa tatu hufukuliwa, mifupa ikaoshwa kwa maji ya majani yenye harufu nzuri, ikapangwa ndani ya sanduku dogo la udongo na kuzikwa karibu na wazee wake. Asiyefanyiwa hivyo hutangatanga na njaa yake. Mwaka wa tatu ulipotimia, Wafaransa wakatangaza kwamba uwanja ule wa mashimo utasawazishwa ili askari wao wapate pa kufanyia gwaride. Bi Nhuan hakungoja. Alikwenda na Thoa alfajiri, akafukua penye vigae, akapata mifupa mitupu ya mtu mmoja imelala juu kabisa.

Jua halipaswi kuigusa mifupa, kwa hiyo waliifanya kazi chini ya mkeka, kwa taa ndogo. Bi Nhuan aliusugua kila mfupa kwa mikono yake. Meno tu ndiyo hakuyasugua. Vijana wetu hutiwa meno rangi nyeusi, na hata Khiem siku ya harusi yake meno yake yaling'aa kwa weusi. Haya nayo yalikuwa meusi. Mama aliogopa kuibandua rangi, akayapitishia maji tu, akilia.

Sanduku likazikwa nyuma ya nyumba, kwenye migomba, ubavuni pa baba yake Khiem. Kesho yake ndipo vijiti vikakutwa sakafuni.

Siku ya tatu vilianza viatu. Ilikuwa adhuhuri, saa ya joto kali ambayo watu wote hujilaza na hata mbwa hawabweki, na katika nyumba ile ambayo kila mtu alitembea pekupeku kilisikika kishindo cha ngozi nzito, hatua moja, hatua nyingine, kutoka mlango wa nyuma hadi kwenye meza ya marehemu. Kikasimama. Ikaja harufu ya baruti, jasho bichi na mvinyo uliochacha.

"Mama, unasikia?" Thoa akanong'ona.

"Nyamaza."

"Kinatafuna. Sikiliza, mama, kinatafuna!"

Siku ya tano Bi Nhuan alitoka bustanini akamkuta Thoa ameketi juu ya kitanda cha mbao cha Khiem, miguu ameitanua, mabega ameyapanua kama mtu mwenye nyumba, bakuli la marehemu mapajani, anajaza wali mdomoni kwa mikono yote miwili, na wali unamdondoka kifuani naye haujali, na macho yake yako wazi lakini hayamwangalii mtu, na alipofungua kinywa kusema, sauti iliyotoka ilikuwa nzito, ya mwanamume, ikiyatamka maneno yetu kama mgeni anayeyatembelea kwa mara ya kwanza.

"Mama. Wali."

Bi Nhuan alisimama mlangoni. "Thoa?"

"Mama. Wali zaidi."

Akampa. Afanyeje? Alidhani ni mwanawe amerudi na njaa ya miaka mitatu. Alimpikia tena na tena, na kadiri wali ulivyoliwa, ndivyo Thoa alivyokonda.

Mwishowe akamwita Bi Duyen, mganga anayepandisha roho, mama mkali ambaye tambuu haikauki mdomoni mwake. Bi Duyen aliingia, akanusa mara moja, akasimama papo hapo.

"Nhuan, umemkaribisha nani humu?"

"Mwanangu."

"Mwanao alikuwa anavaa viatu?"

Bi Nhuan akageukia meza ya marehemu.

"Nakuuliza wewe! Mwanao alikuwa analewa mvinyo? Twende migombani. Leta jembe na mkeka."

Walilifukua sanduku. Chini ya kivuli cha mkeka Bi Duyen alilitoa fuvu, akachukua kitambaa chenye chokaa ya tambuu, akasugua jino moja. Weusi ukatoka wote. Lilikuwa tope. Chini yake jino lilikuwa jeupe, halijawahi kuguswa na rangi tangu liote.

Bi Nhuan alilitazama lile jino. Halafu akaitazama mikono yake.

"Nimemwosha," akasema taratibu. "Nimemwosha muuaji wa mwanangu kwa mikono hii. Nimemlaza na mume wangu." Sauti ikampanda. "Wamechukua ngome, wamechukua mto, wamemchukua Khiem, na bado hawakushiba? Hadi bakuli la maiti wangu? Mtoe, Duyen! Mtoe sasa hivi!"

"Siwezi. Umemwosha, umemlisha, umemwita mwanangu. Huyu ameshakuwa mtoto wa nyumba. Atakayemtoa ni wewe, kwa kumkana. Na ukimwonea huruma hata ya punje moja, atakaa hadi ammalize huyu binti."

"Na Khiem yuko wapi? Keshokutwa wanasawazisha uwanja!"

"Muulize mgeni wako."

Adhuhuri ile Thoa aliketi tena kitandani, miguu imetanuliwa. "Mama. Wali."

Bi Nhuan alipakua bakuli likajaa. Akavuta kigoda, akaketi mbele yake, akaanza kula mwenyewe.

"Mama!"

"Mtamu," akasema Bi Nhuan, akitafuna. "Mchele mpya huu."

"Mama, nina njaa."

"Mwanangu yuko wapi?"

Kitanda kikatetemeka. Vyungu vikagongana, udi ukazimika wenyewe, na kishindo cha viatu kikaanza kuizunguka nyumba kwa kasi, nyuma, mbele, juu ya paa, harufu ya baruti ikakaba koo, naye Bi Nhuan machozi yanamtoka lakini mkono wake unaupeleka wali kinywani, tonge baada ya tonge, bila kuacha.

"Nakuuliza! Yuko wapi?"

"Chini."

"Chini ya nini?"

"Chini yangu. Alinichoma, nikamchoma, nikamwangukia, wakatutupa pamoja." Kisha ile sauti nzito ikavunjika, ikawa ya kijana, kijana mdogo kabisa, anayelia kamasi. "Mama, wenzangu hawakunitafuta. Usinifukuze. Naogopa kule, mama."

Mkono wa Bi Nhuan ulisimama hewani na tonge. Bi Duyen, aliyekuwa akiangalia kutoka mlangoni, akaacha kutafuna.

"Nani alikuita huku?" akauliza Bi Nhuan. "Ulivuka bahari nzima kuja kumuua mwanangu ukutani kwao, halafu unaniita mama? Mimi si mama yako. Wewe si mwanangu. Sina wali wako. Toka!"

Thoa akaanguka ubavu, akatapika wali mweusi kwa tope. Alipofumbua macho alisema, "Mama, nina kiu," kwa sauti yake mwenyewe.

Alfajiri walilifukua shimo upya. Dhiraa moja chini walimpata Khiem, kipande cha mkuki kingali kiganjani. Walimwosha chini ya mkeka, na safari hii Bi Nhuan aliyasugua meno hadi mwisho, yakabaki meusi, wakamzika ubavuni pa baba yake. Yule mwingine wakamrudisha shimoni alimotoka. Kesho yake Wafaransa wakamsawazisha mtu wao wenyewe, na baadaye wakaanza kumpigia gwaride kichwani.

Mwezi ulipopita, Bi Nhuan na Thoa walikuwa wakipita langoni mwa ngome adhuhuri, wamebeba mboga. Zamu ilikuwa ya askari kijana mwenye ndevu nyekundu, aliyeshuka melini wiki ile, asiyejua hata neno moja la kwetu. Bunduki ikamtoka mikononi. Akatazama juu ya kichwa cha Bi Nhuan, akasema kwa lugha yetu, safi kabisa:

"Mama. Wali."

Ndani ya kibanda cha walinzi, wenzake sita waliokuwa wamelala wakainuka kitako kwa pamoja, macho wazi. "Mama," wakasema. "Wali zaidi."

Thoa alimkamata Bi Nhuan mkono. "Mama, twende. Mama, tafadhali, tukimbie!"

"Tukimbie nini?" Bi Nhuan aliuhamishia mzigo wake bega la pili, akawatazama mmoja mmoja. "Hapa ndipo kwake. Wacha wamlishe wao."

Akaendelea na safari yake, hakuharakisha hata hatua moja.