Siku Injini Ilipong'oka Mtoni

Kishindo kilitoka tumboni mwa gari. Wenzo wa gia ukachomoka mkononi mwa Nthiwa kama mtu ameuvuta kutoka chini, feni ikakwaruza kwa kelele ya shoka kwenye bati, na pikapu ikazama katikati ya mto.

Mto wenyewe haukuwa na tone la maji. Ulikuwa mchanga mtupu, upana wa hatua mia mbili, unaowaka kwa jua la saa nne asubuhi. Zamani palikuwa na daraja hapa. Mafuriko yalilibeba, wakubwa wakaja na kofia ngumu, wakapigwa picha, wakaenda zao. Tangu hapo watu wa upande wa Nuu huvuka mchangani, na kila dereva anajua namna: punguza upepo kwenye magurudumu, kanyaga mafuta kutoka ukingoni, usiachilie mpaka ng'ambo. Nthiwa alikanyaga. Na siku hiyo kukanyaga ndiko kulikowaponza.

"Ni nini hiyo?" Kasiva aliuliza kutoka nyuma.

"Mauntingi imeenda."

"Ongea kitu naelewa, shemeji."

"Raba ya kushikilia injini. Imekatika."

Kasiva alikuwa amechuchumaa kando ya mumewe, Musembi, ambaye walikuwa wamemlaza juu ya mlango wa nyumba yake kwa sababu machela hawakuwa nayo. Musembi alikuwa mchimba visima. Alfajiri ukuta wa kisima ulimwangukia, ukamvunja paja, na mfupa ukatoboa ngozi. Leso mbili walizomfunga zilikuwa zimelowa damu. Waliposimamisha simu juu ya kichuguu wakapata mtandao, waliambiwa gari la wagonjwa halina mafuta. Nthiwa hakushangaa. Mbinya, marehemu mkewe na dada wa huyu Kasiva, alipozidiwa aliambiwa maneno hayo hayo miaka miwili iliyopita. Alingoja mpaka gari likawa halina kazi tena.

Alifungua boneti. Injini ilikuwa imelala upande kama mlevi.

Injini haifungwi chuma kwa chuma. Hukalia raba nene zilizobanwa na vyuma, moja kushoto, moja kulia, nyingine chini ya gia. Raba humeza mtikisiko usilivunje gari. Halafu dereva akikanyaga, injini hujaribu kuinuka upande mmoja, na raba ndiyo huirudisha chini. Hii ya kushoto ilikuwa na ufa tangu Agosti. Fundi alimwonyesha kwa kidole. Nthiwa alimjibu kwamba iliyoiharibu ni barabara, na barabara si ya Nthiwa. Ufa haukujali barabara ni ya nani.

"Tumbebe mpaka ng'ambo," Kasiva akasema.

"Halafu? Kutoka hapo mpaka hospitali ni kilomita thelathini. Utambeba mgongoni?"

Kasiva alikaza leso, na damu ikatoka katikati ya vidole vyake.

"Nthiwa," Musembi akaita. Midomo yake ilikuwa imepauka. "Angalia juu ya mto."

Mbali, milima haikuonekana tena. Mahali pake palikuwa na weusi kama moshi wa tanuri la makaa.

"Hapa hata wingu hakuna," Nthiwa akasema.

"Huko imenyesha tangu asubuhi. Hiyo maji yote inapita hapa. Mimi nachimba huu mchanga miaka ishirini, nitakudanganya?"

Nthiwa alichukua jeki, akaiweka chini ya injini, akaanza kuzungusha. Injini haikupanda. Jeki ndiyo iliyoshuka, ikatafunwa na mchanga mpaka shingoni.

"Nataka ubao. Nipe mlango."

"Asi! Mlango gani? Si mtu yuko juu yake?"

"Ni mlango yangu," Musembi akasema. "Nitoeni."

Walimshika mabegani na kiunoni wamshushe mchangani. Alipotelezeshwa kutoka kwenye mbao alilia, "Mwaitu!" akimwita mama yake aliyekwisha kufa, kisha akauma kola ya shati na kunyamaza. Kasiva alimfunika uso kwa kitambaa chake cha kichwa ili jua lisimpige.

Jeki ilisimama juu ya mlango. Injini ikapanda, kidole baada ya kidole, mpaka pengo la raba iliyokatika likaonekana. Nthiwa alitafuta kitu cha kujaza. Akatazama miguuni. Alivua akala zake, ndala za tairi alizovaa miaka sita, akazikata kwa panga vipande vinne, akavishindilia kati ya vyuma.

"Na ikiruka tena?" Kasiva aliuliza. Alikuwa akikwangua mchanga mbele ya magurudumu kwa karai.

"Ndiyo hiyo nafikiria."

"Fikiria haraka. Unafikiria kama mtu analipwa kwa siku."

Nyuma ya pikapu kulikuwa na vyombo vya Musembi, na miongoni mwavyo mnyororo wa kuvutia ndoo ya kisima. Nthiwa aliuzungusha kwenye mkono wa injini, akaupitisha chini ya chesisi, akausokota kwa nondo mpaka ukakaza. Kiganja chake kiligusa bomba la moshi. Ngozi ikabaki pale. Hakuachilia.

Upepo ukageuka. Ulikuja baridi, na harufu ya udongo uliolowa. Halafu ukaja mlio, wa chini kabisa, kama malori mengi yanayopanda mlima mbali.

"Ndiyo hiyo," Musembi akasema chini ya kitambaa.

Waliondoa jeki, wakamrudisha Musembi garini bila mlango, juu ya magunia. Mlango Kasiva aliusukuma chini ya gurudumu la nyuma. Nthiwa akawasha. Injini ilitetemeka, mnyororo ukagonga mara moja, ukatulia. Gia ya pili. Akaachilia klachi taratibu, kama mtu anayeshusha yai sakafuni.

Gurudumu lilipanda mlango, likashuka, likaendelea.

"Kanyaga, shemeji!" Kasiva alipiga kelele huku akisukuma. "Kanyaga, naiona!"

"Nikikanyaga inaruka!"

Kila kitu mwilini mwake kilitaka kukanyaga. Mguu wenyewe ulikuwa ukimtoroka. Akaubana gotini kwa mkono ulioungua, akasikiliza mnyororo tu. Hatua themanini. Sitini. Kwenye kioo aliona maji yakikata kona: ukuta wa kahawia umebeba miti mizima na mizoga ya mbuzi. Aliona mlango wa Musembi ukisimama wima, ukapinduka, ukapotea.

Kasiva alidandia nyuma. Pikapu ikafika mteremko wa ukingo, na hapo ilibidi. Nthiwa aliongeza mafuta kidogo, kisha kidogo tena. Mnyororo ulilia. Maji yalipiga magurudumu ya nyuma, yakasukuma mkia wa gari kando, na gari likapanda.

Juu, pete moja ya mnyororo ilifunguka. Injini ikalala upande, ikazima.

Mbele yao lilisimama gari kubwa jeupe, madirisha yamefungwa. Mtu mwenye koti alishuka. Alikuwa Evanson, mkubwa wa barabara wa sehemu hizo, aliyekuja kukagua kivuko na kukuta hakivukiki. Nthiwa alikuwa na maneno mengi kwa watu wa namna hiyo. Angeweza kuyasema mpaka jioni.

"Fungua nyuma," Nthiwa akamwambia tu.

"Mkubwa, viti vitaharibika," dereva wa Evanson akanong'ona.

Evanson alimtazama Musembi. Akavua koti, akalitandika mwenyewe kitini.

Kasiva alikaa na kichwa cha mumewe mapajani. Nthiwa alilishika lile paja kilomita zote thelathini, na mahali barabara ilipokuwa mbaya zaidi Evanson pia aligeuka akalishika.

Saa nane Musembi aliingizwa upasuaji. Nthiwa alikaa kwenye benchi la ukumbini, bila viatu, mkono umefungwa bandeji. Evanson alikuja akasimama karibu, shati lote damu.

"Mzee, kuhusu hiyo daraja..."

"Nyamaza kwanza. Tungoje."

Wakangoja. Saa kumi na nusu daktari alitoka, akamtafuta Kasiva kwa macho. "Ataishi, mama. Mguu pia tumeuokoa. Mngechelewa saa moja, ningekuwa nasema mengine."

Kasiva alikaa sakafuni palepale, akajifunika uso.

Nthiwa akasogea, akaacha nafasi kwenye benchi.

"Haya, keti," akamwambia Evanson. "Sasa niambie hiyo daraja. Yote. Nasikiliza."